Barua Tuliyopeleka Hounslow

Armelle alinifikia Southall, London, Jumanne moja ya mwaka 1999, amevaa ndala na koti lisilomtosha. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama Angélique, muuza vitenge wa kanisani kwetu, ndiye aliyemtoa Bukavu amlelee watoto kule Hounslow, na pasipoti yake alikuwa ameifungia kabatini.

"Dada Myriam, usimwambie mtu," alisema. "Niache nipumue wiki moja tu."

Nikasema sawa. Lakini kwetu, kumficha mtu wa nyumba ya mwenzako ni kama kumwibia. Nilikaa siku mbili, siku ya tatu nikamwambia Mchungaji Baudouin. Mimi nimesoma shule ya msingi tu. Niliona yeye ndiye anayejua.

Mchungaji alikuwa akifanya usafi uwanja wa ndege, na Ijumaa anatufundisha Biblia. Alikuja chumbani kwangu bado amevaa kizibao cha kazi, akaketi kitandani, akafungua barua ya Paulo kwa Filemoni na kunipa nisome, kwa kuwa kanisani msomaji ni mimi. Nikasoma. Mtumwa Onesimo aliachana na bwana wake, akamfikia Paulo kifungoni, akaamini. Paulo akamrudisha na barua, akimwomba bwana ampokee kama ndugu.

"Zamani zile," mchungaji akaeleza, "nyumba nyingi zilikuwa na watumwa. Wengine mateka wa vita, wengine wamezaliwa humo humo. Mtoro akikamatwa anachapwa, pengine anachomwa alama usoni. Kwa hiyo aliyekosana na bwana wake alitafuta rafiki wa bwana huyo amwombee. Paulo ndiye rafiki. Na mimi leo nitakuwa rafiki yako, Armelle."

"Na Filemoni alijibu nini?" Armelle akauliza.

Mchungaji akafunga Biblia. "Alikuwa mtu wa Mungu. Wewe unadhani alijibu nini?"

Armelle akanigeukia. Nilikuwa nimeona swali lake likirudi mikono mitupu. Mimi huona vitu vingi, kusema ndiko kunakonishinda. Nikamwambia tu, "Twende. Nitakusindikiza."

Mchungaji akamwandikia Mama Angélique barua, na Jumamosi tukapanda basi nayo. Mtoto mkubwa wa Mama Angélique alifungua mlango, akapiga kelele, "Mum, she's back!" Mama akaisoma barua ya mchungaji akiwa amesimama pale pale. Machozi yakamtoka, akamkumbatia Armelle.

"Kuanzia leo wewe si mfanyakazi. Wewe ni mdogo wangu, wa damu!"

Nikapiga vigelegele. Nikala samaki, nikarudi nyumbani nimefurahi. Habari ya pasipoti hakuna aliyeiuliza, hata mimi.

Jumapili iliyofuata Armelle hakuja kanisani. Ya pili, hivyo hivyo. "Mdogo wangu amebaki na watoto," Mama Angélique alikuwa akisema, na watu wakamsifu. Jumapili ya tatu nilimwacha ibadani, nikaenda Hounslow.

Armelle alifungua na mtoto mgongoni, mikono inanuka sabuni ya choo.

"Unaendeleaje?"

"Mimi? Mimi ndugu mtu!" Akacheka kidogo. "Zamani Jumapili nilikuwa na off. Sasa nikiiomba, naambiwa: dada yako anaumwa mgongo, nawe unataka kutembea? Chumba changu wamempa mgeni. Ndugu analala sebuleni, hana neno. Na mchungaji akipiga simu nimwambie nini? Si nimepokelewa? Ile barua Mama ameitia fremu, iko ukutani."

"Rudi kwangu. Leo hii. Sitamwambia mtu."

"Hata ile Jumanne ulisema sawa, dada." Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana. "Mtu akimkimbia bosi wake, watu watamhurumia. Akimkimbia dada yake, nani atamfungulia?"

"Mimi."

Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma karatasi kabla ya kuweka sahihi. Mtoto akaamka, akaanza kulia.

"Ngoja nimchemshie maziwa," akasema, akafunga mlango polepole.

Nilibaki nje nikimsikia akimbembeleza mtoto kwa maneno ya kwetu. Nilingoja afungue tena. Kengele ilikuwa karibu na mkono wangu, na sikuibonyeza.