Lenzi Iliyomyeyusha Mama Mdogo

Mama mkwe alikuwa ameshatoa hukumu: mume wangu ampige picha moja itakayompendeza, la sivyo chumba cha mbele, ambacho ndicho studio yetu, anampangisha fundi cherehani.

"Watu wote wanatoka humu wanang'aa," alilalamika, "mimi mama yako natoka kama ndizi iliyosahaulika!"

Kosa ni la lenzi. Ile mpya ni kali mno, haisamehe hata kinyweleo. Basi mume wangu akaitoa ile ya zamani ya marehemu baba yake, iliyokuwa imeota kuvu ndani. Akaifungua, akavipanga vioo vyake mkekani, akawa anavifuta kimoja kimoja, pumzi ameibana. Mimi niligeuka kidogo tu kuepua sufuria. Kurudi, mwanetu Bonge ana kioo cha mbele mdomoni, anakinyonya kama pipi.

"Kitoe! Kitoe!" mume wangu akapiga kelele.

Nikakitoa, nikakifuta mate, nikamkabidhi baba mtu. Akakirudisha mahali pake, akakaza. Tukamshukuru Mungu kwamba hakukimeza.

Kesho yake mama mkwe akaja amejipamba, mdogo wake nyuma. Hao wawili hata saa hawakubaliani ni ngapi. Mama mdogo hakualikwa, lakini alijibanza pembeni mwa kiti, kidevu juu.

"Na wewe unatafuta nini hapo?"

"Picha ya ukoo hii, dada. Au ukoo umeununua?"

Picha ilipofunguka kwenye kompyuta, mume wangu alishika kichwa. Katikati, uso wa mama mkwe umetulia, laini, kama anamulikwa na mshumaa. Pembeni sasa! Pazia, mlango, vyote vimezunguka kama uji unaokorogwa, na mama mdogo kabaki jicho moja na hereni.

"Kile kioo alichonyonya Bonge nimekiweka nyuma mbele," alininong'oneza.

Nikalikumbuka somo la mwanga tulilofundishwa kwenye darasa la jioni la upigaji picha. Kila kioo cha lenzi hurekebisha kasoro ya mwenzake. Ukigeuza kimoja, miale ya katikati bado inaelewana, ila ya pembeni kila mmoja unashika njia yake.

"Futa, kabla hawajaona," nikasema.

"Nani afute?" Mama mkwe alikuwa mabegani mwetu. Akavaa miwani. Akaisogelea kompyuta, nami nikawa nafungasha vyombo vyetu akilini.

"Huyu ndiye mimi," akasema taratibu, sauti imelainika. Halafu macho yakateleza pembeni, akacheka mpaka akashikilia meza. "Na huyu ndiye yeye!"

"Mmenifanya mzimu!" mama mdogo akafoka.

"Fundi cherehani atafute kwingine," mama mkwe akasema, anajipangusa machozi. "Hii lenzi haitoki nyumbani kwangu."

Nilimkumbatia Bonge mpaka akalalamika. Mama mdogo, yeye, alishakivuta kiti katikati ya chumba na kukaa.

"Haya mwanangu, nipige mimi sasa. Na huyo dada yangu asimame pale pembeni."