Kibao cha Nyumba ya Akutsu

Maji ya bafu la kwetu yanatoka chemchemini, ni ya moto kupita kiasi, na mtu wa kwetu haongezi baridi. Unajisugua kwanza pembeni, unajimwagia, halafu unazama mpaka shingoni na kunyamaza kama vile huungui.

Sasa mie, Kazuma Akutsu, niliyemaliza shule mwezi wa tatu nikakimbilia mjini Sendai, nimerudi mwezi wa nane, nikaingia bafu la mtaa, nikatia mguu, nikautoa. Nikatia tena, nikautoa. Nikafungua bomba la baridi.

"We mgeni," sauti ikatoka kwenye mvuke, "funga hilo bomba."

Mzee Tokumaru, jirani yetu, msimamizi wa bafu. Nikamsogelea, nikamwambia chini chini ni mie, mtoto wa Akutsu. Akasema anajua sana, mgeni wa kweli yeye angemwita bwana, si "we".

Pembeni yangu alisimama jamaa mmoja kutoka Nagoya, msafiri hasa, miguu myekundu kama kaa wa kuchemsha. Akacheka, akaniuliza kama na mimi nimekuja na basi la asubuhi. Nikasema ndiyo. Na kweli nilikuja nalo.

Shida yangu ilikuwa hii. Mama anahamia Sendai kwa dada yangu, nyumba inafungwa. Mlangoni mwa bafu vimening'inia vibao vya mbao, kila nyumba na jina lake. Wenye kibao wanaoga bila kuulizwa, na ndio wanaolisafisha bafu kwa zamu. Mama kaniachia mie: kibao kibaki au kitoke, na Mzee Tokumaru anataka jibu leo. Kwenye basi nilishaamua kitoke. Mji gani huu, duka lenyewe moja, nalo linafungwa jua bado linawaka.

Tulipotoka, yule jamaa akaniomba tuzunguke pamoja, maana wote wageni. Nikaenda tu. Basi jamaa kila hatua anasimama. Kasimama kwenye mtaro unaotoa mvuke chini ya barabara, mtaro ambao mie nimeuruka maisha yangu yote. Kasimama kwenye chemchemi ambako kina mama wanachemsha mahindi ndani ya nyavu. Mama Hisae akanipa hindi, akaniuliza pembeni huko Sendai wanakula nini, mbona shingo imekuwa ya korongo. Jamaa akataka kujua mlima ule nyuma ya mabati unaitwaje. Nikamtajia. Sijui nini kilinipata, jina dogo tu lile, nikalitaja mara ya pili.

"Kuna watu wanaamka kila siku wanaona hivi," akasema.

Nikataka kumwambia ni mimi. Nikatafuna hindi.

Alipokwenda zake kwenye nyumba ya wageni nilirudi mbio. Mzee Tokumaru alikuwa mlangoni mwa bafu anakunja taulo.

"Kibao kibaki," nikamwambia, hata salamu sijatoa.

Hakufurahi wala hakukasirika. "Utakuja kusugua, au utakuja kuoga?"

Nikafikiria ghala ninakofanya kazi, siku ya mapumziko unaijua jana yake. Nikafikiria basi, treni, basi. Nikafikiria na mie mwenyewe, najijua, nikikaa hapa wiki mbili nitaanza kuzipiga mateke kuta. Ningeweza kusema kusugua. Mdomo ulishafunguka kabisa.

"Kuoga," nikasema.

"Haya."

Akakiteremsha kibao, akakifuta kwa taulo, akanipa. Pale ukutani pakabaki alama nyeupe, jua halijawahi kupafikia. Kisha akaingia ndani akatoka na brashi ya mpini mrefu.

"Leo bado ni zamu yenu. Mama yako anafunga mizigo. Twende."

Tukachomoa kizibo, maji yakaondoka yakinguruma. Zamu zetu alikuwa akifanya Mama, mie nikiwa darasani, kwa hiyo bafu likiwa tupu nilikuwa sijaliona. Mawe ya chini yana mabonde, yaani yamelika pale watu wanapokaa. Moja liko karibu na ukuta, dogo dogo, pale nilipozoea kukaa tangu utotoni. Nikalikalia, likanitosha.

Nikainuka nikaanza kusugua kuanzia hapo. Nilisugua taratibu mno, jiwe moja moja, hata kwenye nyufa. Na Mzee Tokumaru, ambaye duniani hana subira hata ya chai kupoa, hakuniharakisha.