Mke wa Stelingi

Isihaka hakujua Kiitaliano hata neno moja, na jambo hilo halikumsumbua hata kidogo. Kazi yake katika banda la video la Haidari, pale Kasulu mjini, ilikuwa kukaa kando ya televisheni na maiki mkononi, awaeleze watazamaji kwa Kiswahili yale yanayosemwa na wazungu. Wakisema Kiingereza, alibahatisha. Wakisema lugha nyingine, alitunga tangu mwanzo hadi mwisho, na wateja walikiri wazi kwamba zile za kutunga zilikuwa tamu kuliko zile za kubahatisha.

Kanda iliyompa jina ilikuwa ya makauboi, imetengenezwa Italia na watu ambao, kwa dalili zote, walikuwa wamefulia. Mji mzima ulikuwa na mtaa mmoja. Mlango wa baa ukibamizwa, ukuta wote ulitikisika kama boksi la sabuni. Farasi wa stelingi, shujaa wa kanda, aliondoka mweusi akafika wa kahawia. Jambazi mmoja mwenye kipara aliuawa juu ya paa mwanzoni, akauawa tena mtoni, kisha kuelekea mwisho huyo hapo, kakaa baa anakunywa, mzima wa afya. Watu wa Kasulu walimbatiza jina la Mfufuka, na kila alipotokea walimpigia makofi. Midomo ya wasemaji iliendelea kuchezacheza sauti ikiwa imekwisha zamani. Bastola ya stelingi nayo haikuwahi kuishiwa risasi, na watu wakilalamika Isihaka aliwajibu, "Ameijaza mlipopepesa macho."

Pamoja na yote hayo, kanda ile ilikuwa na kitu. Aliyeitengeneza alijua kupiga picha upepo. Alijua kusogeza uso wa mtu mpaka ukajaa kioo chote, jasho, mikunjo na nzi mmoja shavuni, na wewe uliyekaa kwenye benchi ukajikuta umebana pumzi. Na stelingi mwenyewe, jitu refu lenye koti la vumbi, alikuwa na namna ya kutazama iliyomfanya hata mlevi aliyeingia kwa fujo akae chini bila kuambiwa.

Isihaka alimpa stelingi jina la Mpweke, adui akamwita Madevu. Mfukoni mwa koti Mpweke alibeba picha ndogo ya mwanamke, akawa anaitoa mara kwa mara, anaitazama, anaibusu. Isihaka alipoiona kwa mara ya kwanza aliamua palepale kwamba huyo ni mkewe, aliyeuawa na Madevu siku ya harusi, pilau ikiwa bado motoni. Kadiri wiki zilivyopita akamtungia mke huyo sauti nzuri ya kuimba, akamtungia na shangazi mkorofi aliyekuwa ameipinga ndoa. Mwishoni Madevu akipigishwa magoti kwenye vumbi alisema maneno machache, na juu ya machache hayo Isihaka alimwaga kilio kirefu cha kuomba msamaha, watoto wangu, mama yangu mgonjwa, mpaka banda zima likapaza sauti pamoja naye, "Na harusi yangu je?" Hapo bastola inalia, watu wanarusha kofia.

Sifa hizo zilifika hadi Kibondo. Mwenye duka mmoja wa huko akamwomba Haidari alete mitambo yake siku ya soko, mwaka wa tisini na sita, mvua zikiwa zimekatika. Haidari akapakia televisheni, deki, jenereta na Isihaka kwenye pikapu, akaifunika televisheni kwa godoro ili isiumie njiani. Isihaka hakufunikwa. Alifika Kibondo mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu, akanawa uso kwenye ndoo, akaingia kazini.

Ukumbi ulikuwa stoo ya mahindi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili mwanga wa mchana usiingie. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya magunia: wenyeji wa mjini, wakulima waliotoka Mabamba na mizigo yao ya maharage, na wengi waliokimbia kutoka ng'ambo, Burundi, wengine miaka mingi iliyopita, wengine juzijuzi tu. Mstari wa mbele alikaa mzee Harerimana, mkulima wa Mabamba aliyetoka Burundi miaka mingi iliyopita, na fimbo yake katikati ya magoti. Karibu na dirisha alikaa mwanamke kijana mwenye kitenge cha njano, Nadine, msusi wa pale sokoni.

Isihaka alianza vizuri. Mlango wa baa ukatikisa ukuta, watu wakacheka, akawaambia mji ule una matetemeko. Mfufuka akafa, akafa tena. Kisha Mpweke akashuka kwenye farasi, akatoa ile picha ndogo, na Isihaka akalegeza sauti.

"Mke wangu, ua langu," alisema kwenye maiki, "pilau yetu hatukuila..."

Kicheko kikatoka upande wa dirishani, kikali, kama cha mtu aliyetekenywa.

Isihaka alikaza macho gizani, akaendelea. "Shangazi yako alisema sitakutunza..."

"Mana yanje!" Nadine alimwita Mungu wake kwa Kirundi, ameshika mbavu. "Jamani, hajasema hivyo! Hakuna shangazi hapo!"

"Dada, tulia watu wasikie."

"Wasikie nini, kaka? Huyo si mke. Huyo ni mama yake!"

Stoo nzima ikalipuka. Kuna aliyecheka mpaka akateleza kwenye gunia, kuna aliyeuliza kwa sauti kama kweli huko Italia watu hubusu mama zao namna ile. Isihaka alihisi masikio yanamchoma. Haidari, aliyesimama karibu na jenereta, alijifanya anakagua waya.

"Umejuaje wewe?" Isihaka aliuliza.

"Mama yangu aliwapikia mapadri wa Kiitaliano huko kwetu Burundi. Nimekulia jikoni kwao. Anasema, 'Mama, nimechoka.' Basi. Hayo ndiyo maneno yake."

Isihaka angeweza kumaliza mambo kwa mzaha, alikuwa na mizaha ya kutosha. Lakini alikuwa amekasirika, na mtu akikasirika huona anachofanya ni ujanja. Akainyoosha maiki. "Haya, njoo. Useme wewe."

Alitegemea atakataa. Nadine alijifunga kitenge sawasawa, akapita juu ya miguu ya watu, akaichukua.

Ikawa zamu ya ukweli, na ukweli wa kanda ile ulikuwa mkavu kama ugali wa jana. Madevu akazungumza na watu wake kwa muda mrefu, mikono ikipepea, na wote wakasubiri. "Anasema kuna joto," akasema Nadine. Mtu wa baa akainama kumnong'oneza Mpweke. "Anamuuliza kama anataka maharage." Mpweke akajibu kwa sauti nzito ya kutisha. "Anasema ndiyo, na mkate." Jambazi akatoa bastola, akatamka jambo huku meno yamebana. "Anasema... kaka, hata kwa lugha yao halina maana. Anasema 'wewe ni wewe.'"

"Yewe!" mtu akaguna nyuma. "Rudisha maiki kwa mwenyewe!"

"Turudishie shangazi!" mwingine akadakia, na stoo ikaunga mkono.

Nadine mwenyewe alikuwa anacheka. Akampa Isihaka maiki yake, akakaa kwenye ukingo wa kreti kando yake. "Chukua. Hawa walioandika wangekupata wewe tangu mwanzo," alisema chini chini.

Isihaka alirudi kwa kishindo. Alimrudisha shangazi, akaongeza na mjomba. Kwa kuwa suala la mama lilikuwa limeshavuja, akasema Madevu aliwaua wote wawili, mama na mke, na watu wakaridhika kwa sababu hasira imekuwa maradufu. Hivyo ndivyo walivyofika mwisho, pale kisimani, upepo unavuma, Mpweke upande huu na Madevu upande ule. Uso. Uso. Mkono. Uso. Bastola ya Madevu ikaruka, naye akapiga magoti.

Isihaka akavuta pumzi kwa ajili ya kile kilio chake. Mkono wa Nadine ukafunika maiki.

"Hapa, usiseme," alimnong'oneza. "Tafadhali, kaka. Hapa niachie."

Kulikuwa na kitu katika sauti yake, kicheko kimeondoka chote. Isihaka akamwachia.

Nadine akasema polepole, bila kuigiza. "Anamuuliza, 'Wewe ni nani?' Kijana anasema, 'Ulimuua mama yangu.' Anauliza, 'Wapi?' Kijana anamtajia mji." Kwenye kioo Madevu alikuwa amekunja uso, kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani. "Anasema, 'Wanawake ni wengi. Miji ni mingi. Sikumbuki.'"

Hakuna aliyepiga kelele kuhusu harusi. Mpweke alisimama tu. Kamera, ambayo muda wote ilikuwa ikirukaruka kama mbuzi, ilitulia usoni mwake na haikuondoka, na Isihaka, aliyeitazama kanda ile mpaka akaifahamu kuliko nyumba yake, aliona jambo asilowahi kuliona, maana siku zote hapo alikuwa anapiga makelele. Yule mwigizaji, ambaye pengine alilipwa kwa sahani ya maharage, midomo ilikuwa inamtetemeka. Mpweke alikuja na kisasi chake kutoka mbali na hakukuta mtu wa kumkabidhi.

Risasi ikalia. Mpweke hakufurahi. Alikaa kwenye ukingo wa kisima, akavua kofia, akaishika mapajani.

Mzee Harerimana akagonga fimbo chini.

"Rudisha pale," alisema.

"Mzee, kurudisha kunaharibu kanda," Haidari akasema kutoka nyuma.

"Rudisha, mwanangu."

Haidari akamtazama mzee, akawatazama wale waliokaa nyuma yake, akarudisha. Wakaona tena kuanzia magoti hadi kofia, safari hii Nadine naye akiwa kimya. Maneno yalitoka kwa Kiitaliano na kila mtu aliyaelewa. Mzee Harerimana alitikisa kichwa taratibu. "Ego, ndiyo," alisema peke yake. "Ndivyo walivyo. Hawakumbuki."

Mwanamke mmoja alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Ndipo kijana mmoja wa mstari wa pili akanyoosha kidole kwenye maiti ya Madevu na kuuliza, kwa adabu kabisa, "Samahani, marehemu amevaa saa ya mkononi?"

Kweli. Saa ya chuma, inang'aa kwa jua, mkononi mwa jambazi wa zama za farasi. Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya mchana ule, na mzee Harerimana alikuwa wa kwanza kucheka.

Asubuhi yake, wakati Haidari anafunga mizigo, Isihaka alikwenda sokoni. Nadine alikuwa chini ya kibanda cha nyasi, anamsuka binti mmoja.

"Umekuja kunidai shangazi?" alimuuliza.

"Nimekuja kuuliza. Ile kanda ni nzuri au ni mbaya?"

Nadine aligawa nywele kwa kitana, akafikiri. "Ni mbaya. Waandishi wake wavivu, mji wa maboksi, hakuna hata mtu anayelima, sijui wanakula nini zaidi ya hayo maharage. Wewe umeifanya tamu. Kweli, nakwambia bila kukupaka mafuta. Lakini pale kisimani walijua wanachofanya. Na pale wewe ulikuwa unapiga ngoma msibani."

Isihaka alichora vumbi kwa ncha ya kiatu. "Na wewe, ulipoifasiri... hukuona tabu?"

"Nilikuwa na kaka," Nadine alisema. Akasuka mistari kadhaa kabla ya kuendelea. "Mimi huwa nawaza huyo aliyemuua akikutana nami atasema nini. Hilo jibu sikuwahi kuliwaza. Nimelisikia kwenye kauboi, fikiria." Akatabasamu kidogo, akavuta nywele, binti akalalamika. "Nenda, Haidari anapiga honi."

Kasulu kulikuwa na ghasia. Isihaka alipojaribu kuwaambia kwamba mwanamke wa kwenye picha ni mama, walimzomea. Walikuwa wameshamlilia yule mke kwa miezi, hawakuwa tayari kumpoteza mara ya pili. Akawaachia mke wao, na shangazi, na pilau. Lakini walipofika kisimani, alisema yale maneno machache kama Nadine alivyoyasema, kisha akaiweka maiki juu ya televisheni.

"Isihaka, umemeza ulimi?" mtu akauliza.

Mwingine akadhani spika imekatika, akainuka kuitazama, na akiwa amesimama hivyo nusunusu, mkono hewani, akakutana na ule uso kwenye kioo. Akabaki vilevile mpaka kofia ikavuliwa. Hakuna aliyerusha kofia yake siku hiyo. Walitoka wakizungumza kwa sauti za chini, na mbele ya mlango watu wawili waliosemekana hawaelewani walikuwa wanabishana kwa utulivu kama Mpweke angefanya vizuri zaidi kumwacha Madevu hai.

Haidari alikuwa na wasiwasi kwamba watu hawatarudi. Walirudi, wakaleta wake zao.

Siku nyingine ya soko Isihaka alipanda lori la mahindi kwenda Kibondo, bila mitambo, bila kazi yoyote aliyoweza kuitaja. Nadine alikuwa na mteja na mwingine anasubiri. Hakuonekana kushangaa. Alimwonyesha kigoda, akampa bunda la uzi amshikie.

"Huyu ni nani?" mteja akauliza, kichwa kimeinamishwa.

"Mtu wa picha, kutoka Kasulu," Nadine alisema. "Anajifunza kunyamaza."

Isihaka alikuwa na jibu, tena zuri, lenye kuchekesha. Alilitazama kidogo, akaliacha lipite, akamfungulia uzi.