Kulikuwa na Wageni

Kanisani hakuna aliyemwita seremala yule kwa jina lake. Walimwita Baba Karibu. Alikuwa mtu wa tabasamu pana na mikono mikavu kama msasa, na kwa miaka kumi na minane mlango wa nyumba yake haukujua kufungwa mchana. Wainjilisti wa kupita, vijana waliokosana na wazazi wao, wajane waliokuja mjini kutibiwa, wote walilala kwake na kula kwake. Meza ya chakula aliiunda mwenyewe, ya watu kumi na wawili, ingawa wa nyumba hiyo walikuwa wanne tu: yeye, mkewe mwalimu wa chekechea, binti wa miaka kumi na sita, na kitinda mimba wao wa kiume wa miaka tisa, mwenye mdomo usiolala.

Binti naye alikuwa na jina lake la utani: Hananeno. Mgeni akija, yeye ndiye anayehama chumba, anachota maji, anakoroga uji, anafua mashuka. Wageni walipoaga walimsifu mbele ya baba yake: "Huyu mtoto hana neno kabisa!" Na baba alivimba kichwa, Mungu amsamehe, maana aliyahesabu maneno yale kuwa sifa yake mwenyewe.

Wiki ya mkutano wa kwaya walipokea wageni saba. Binti akahamia stoo, akatandika mkeka kati ya magunia na mbao. Jumatano alishika tumbo kidogo, akaendelea kumenya vitunguu. Alhamisi hakula. Ijumaa mdogo wake alimkuta anatapika nyuma ya bafu.

"Ukisema nitakufinya," alimwambia.

Hakusema. Pengine ndiyo mara pekee mdomo ule ulipata kufungwa.

Jumamosi asubuhi, wageni wakiwa mezani na seremala akiwasimulia jinsi alivyookoka, binti aliingia na birika la chai. Alifika katikati ya chumba, akasimama kama aliyesahau alichofuata, kisha miguu ikamwishia nguvu. Chai ilimwagika mpaka chini ya kabati. Baba yake alimwinua akashtuka: mtoto alikuwa anawaka moto.

Gari la kwaya ndilo lililowafikisha hospitali. Daktari, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, alimbonyeza tumbo mara mbili tu akawaita wauguzi. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka.

"Maumivu yalianza lini?" alimuuliza mgonjwa huku kitanda kinasukumwa.

"Jumatano."

"Jumatano! Leo Jumamosi. Mbona hukumwambia mtu?"

Binti alimtazama kama aliyeulizwa swali ambalo jibu lake kila mtu analijua.

"Kulikuwa na wageni," alisema.

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Seremala akabaki ameganda pale kwenye korido, kofia mkononi.

Walikaa kwenye benchi, yeye na mkewe, bila kutazamana. Alitaka kuomba lakini maneno hayakuja, yeye aliyezoea kuomba robo saa nzima juu ya sahani ya chakula. Mkewe ndiye aliyeanza.

"Alhamisi nilimwona hajala. Nikajiambia nitamuuliza wageni wakishaondoka."

"Usijilaumu, mama."

"Sijilaumu peke yangu. Nakulaumu na wewe." Alisema polepole, bila ukali. "Akiwa na miaka minane alilia, hataki binamu zake walale kitandani kwake. Unakumbuka ulivyomfanya?"

Alikumbuka. Alimpakata akamsomea habari za Ibrahimu na wageni wake mpaka machozi yakakauka. Siku ile alitoka chumbani akiona amefanya kazi nzuri ya ulezi. Sasa alijiuliza kama Ibrahimu naye alikuwa na binti aliyelala stoo.

Upasuaji ulikwenda salama, ila usaha ulikuwa umesambaa, hivyo binti alilazwa siku tisa. Baba yake alifunga karakana akawa anakaa naye kila alasiri. Kila alipomuuliza hali, alijibiwa lile lile: "Niko sawa, baba." Siku ya nne alishindwa kuvumilia.

"Mwanangu, sikuulizi kama uko sawa. Nauliza unachotaka."

Binti alikunja na kukunjua pindo la shuka.

"Sitaki kuitwa Hananeno," alisema hatimaye. "Ninayo maneno. Mengi tu."

"Yaseme."

"Ijumaa nilitaka mama anishike paji la uso. Nilimpita mara tatu makusudi, akanipa sahani." Kisha akaogopa uso wa baba yake, akaharakisha: "Lakini wageni siwachukii, baba. Yule mama wa kwaya, yule mnene, amenifundisha kusoma nota. Usije ukawafukuza wote kwa sababu yangu."

Seremala alicheka na kulia kwa pamoja, mpaka muuguzi akachungulia.

Wiki mbili baada ya binti kurudi nyumbani, mchungaji alimwita ofisini. Kulikuwa na wageni watano, na kama kawaida hakuna aliyefikiriwa ila Baba Karibu.

"Mwezi huu hapana, mchungaji."

Mchungaji aliweka kalamu chini. "Binti bado anaumwa?"

Hapo palikuwa na njia nyepesi ya kutokea, na ulimi ulimwasha aseme ndiyo. "Hapana, amepona," alisema. "Tunataka tukae sisi wenyewe tu."

Alitoka mle ofisini jasho likimtiririka. Haikupita Jumapili, watu wakawa wananong'ona kwamba Baba Karibu imani imepoa. Ilimuuma kuliko alivyotarajia, na katika kule kuumia aligundua alivyokuwa amelipenda lile jina.

Na hizo jioni za kukaa wenyewe hazikuwa tamu mwanzoni. Walijibanza wanne kwenye pembe ya meza ile ndefu, vijiko vinagonga sahani, hakuna wa kusimulia habari za mbali. Walijua kuhudumia watu pamoja. Kuzungumza wao kwa wao hawakuwa wamejifunza.

"Jamani," kitinda mimba alisema, "hatuwezi kumwita mgeni hata mmoja atuchangamshe?"

Mama yao alicheka mpaka akapaliwa, na kuanzia hapo mambo yakawa afadhali. Binti alianza kusimulia ya shuleni. Alinung'unika pia, juu ya mboga na juu ya mdogo wake, na baba yake alijizuia kumkanya, ingawa mara nyingine alilazimika kutazama dari.

Mwezi wa tatu tangu hapo mchungaji aliuliza tena, kwa tahadhari safari hii: wageni wanne, siku tatu. Seremala hakujibu papo kwa papo. Alirudi nyumbani akaliweka jambo mezani.

Mkewe alisema sawa. Mtoto wa kiume akataka kujua kama wana watoto wa kucheza mpira. Binti alikuwa na daftari mbele yake, akafikiri huku akiuma kalamu.

"Wawili nawaweza," alisema. "Wanne hapana, nina mtihani. Na chumba changu sihami."

Seremala akachukua kofia yake, akaenda kumwambia mchungaji: wawili.