Mita Hairudi Nyuma

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Sikuyasikia kwa jirani, sikuyaota, wala sijayatia chumvi, maana daktari amenikataza chumvi. Asiyeamini na aje aniulize mwenyewe, nami nitamhakikishia kwamba mimi ni mkweli.

Nilisoma mita za maji miaka thelathini na mmoja. Kazi yenyewe ni kuingia nyuani mwa watu, kuinama, kufunua kifuniko, kufukuza mende, kuandika tarakimu, kuaga. Mbwa wote wa mji walinijua. Mmoja, mkubwa kama ndama, alinizoea hadi akawa ananisomea mita mwenyewe. Nikifika getini anabweka mara nne, anapumua, anabweka mara saba, nami naandika arobaini na saba naenda zangu. Hakuwahi kukosea ila mwezi ule aliopata mafua.

Sasa niwape siri ya kazi. Ukikuta geti limefungwa hurudi kesho. Unatazama tarakimu ya mwezi uliopita, unaongeza kidogo, unaandika. Nani atakushika? Mita ya maji hairudi nyuma. Watu wafue wasifue, waoge wasioge, yenyewe inapanda tu. Ofisini tuliita kusoma kwa mbali, na hakuna msomaji aliyestaafu bila kuyafanya hayo. Anayekana, mtazame macho.

Nikastaafu. Nikawa mtu wa kucheza drafti kwa kinyozi na kumsumbua mke wangu. Tunaishi na mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ambaye anafanya kazi katika ofisi ya mazingira. Kazi yake ni picha. Anasema huko juu kuna setilaiti ndogo ndogo, kila moja haizidi mkate mzima kwa ukubwa, makumi kwa makumi, zimejipanga kama siafu wanaohama. Kila siku inayokucha zinapiga picha dunia yote: msitu uliokatwa, mto uliohama, ziwa lililonywea. Kila siku! Hata mke wangu, pamoja na sababu zote alizo nazo, hanichunguzi kila siku.

Mpwa wangu alikuwa ametengeneza mbinu yake. Kwa kutazama picha hizo tu, bila kumtuma mtu, aseme bwawa fulani lina maji kiasi gani. Miaka miwili aliihangaikia. Ofisi ikamwambia: thibitisha kwanza kwa bwawa moja, lile linalolisha mabomba yetu. Majini pale kuna nguzo ya chuma iliyochorwa sentimita. Mtu aisome kila Jumanne na Ijumaa, asubuhi. Nguzo na picha zikikubaliana hadi mwisho wa kiangazi, mbinu itatumika kwa mabwawa yote. Zikipingana, mbinu inatupwa.

"Nani ataisoma nguzo?" akaulizwa na mkubwa wake, mtu tuliyempa jina la Bwana Nukta kwa sababu ya mapenzi yake kwa desimali.

"Mjomba wangu," mtoto akajibu kwa fahari. "Yeye kusoma tarakimu ndiyo kazi yake."

Wiki tatu za mwanzo nilikwenda kweli. Ni mwendo wa saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, jua kichwani, goti linalia kama bawaba. Maji yalikuwa tele: mia mbili na arobaini, na haikusogea. Jumanne ya wiki ya nne nilikuwa kwa kinyozi, na kwa mara ya kwanza mwaka huo nilikuwa namfunga mtu drafti. Nikatazama saa. Nikatazama ubao. Nikajiambia geti limefungwa leo. Nikatoa simu, nikamwandikia mtoto: mia mbili arobaini na moja.

Hakuna aliyelalamika. Ijumaa nikaandika arobaini na mbili. Ndivyo ilivyoanza, na ndivyo ilivyoendelea wiki kumi na moja.

Jumamosi moja mpwa wangu aliweka kompyuta yake juu ya meza ya kulia, akaniita. "Mjomba, njoo uone hii."

Alinionyesha doa la buluu. Akabonyeza, doa likapungua. Akabonyeza tena, likapungua tena, kama kipande cha sabuni kwenye nyumba yenye watoto wengi.

"Hili ni bwawa letu, wiki kwa wiki. Linafanya nini?"

"Mimi naona rangi tu, mwanangu."

"Picha zinasema linakauka. Nguzo inasema linajaa. Kuna mahali nimekosea, na sipaoni."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Kilichotoka ni hiki: "Hizo kamera zenu zinapita kwa kasi gani?"

"Kilomita saba na nusu kwa sekunde."

"Basi! Mpiga picha anayekimbia hivyo atapiga nini? Mpiga picha wa harusi yangu alikuwa amesimama tuli, na bado alinikata kichwa."

"Alijua anachofanya," mke wangu akasema kutoka jikoni.

Mtoto hakucheka. Alirudi kwenye hesabu zake, na mateso yangu yakaanza. Mara aseme ni majani yanayoelea juu ya maji, yanaidanganya kamera. Akayapigia hesabu, siyo. Mara aseme ni tope. Siyo. Ni vivuli vya mawingu. Siyo. Akaiandika programu yake upya, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipekua angani na ardhini, akalichunguza kila wingu lililowahi kupita, na hakuna siku aliyonitazama mimi. Mtu akikuamini hivyo anakukera! Nilianza kumkasirikia. Nilikasirikia setilaiti, nikakasirikia simu, nikamkasirikia hata kinyozi, ambaye kosa lake ni kuwa na benchi zuri.

"Mkubwa wangu anasema nguzo ni chuma," aliniambia siku moja huku anavua viatu mlangoni, macho mekundu. "Anasema chuma hakina sababu ya kudanganya, ila programu ya mtoto wa juzi inaweza. Jumatatu ijayo kuna kikao. Wataifuta, mjomba. Miaka miwili."

"Pole, mama."

"Asante. Angalau usomaji wako hauna shaka."

Jumanne ya wiki hiyo niliamua kushusha. Mniamini au msiniamini, nilikaa na simu nusu saa nzima, nimekusudia kuandika tarakimu ndogo kuliko ya nyuma, hata kwa sentimita moja. Kidole kilikataa. Miaka thelathini na mmoja hakijawahi kuandika tarakimu inayoshuka. Nikaandika mia mbili sitini na tatu, nikajitukana.

Ijumaa asubuhi mtoto alitokea sebuleni kavaa mabuti. "Leo tunakwenda wote."

"Wapi?"

"Nguzoni. Labda imeinama, labda inazama kwenye tope na ndiyo maana maji yanaonekana kupanda. Nataka niione kwa macho yangu kabla ya Jumatatu."

Nilimwambia goti limevimba. Akaniletea fimbo. Nikasema kuna nyoka njiani. Akasema basi atatangulia. Nikasema nguzo ile haipendi wageni.

"Mpeleke mtoto," mke wangu akasema, akinitazama kwa yale macho yake ya tangu zamani. Huyu mwanamke alishajua siku nyingi, ndivyo ninavyoamini.

Njia nzima mtoto alinibebea mfuko, akinipa pole kwa mwendo niliokuwa nikiufanya mara mbili kwa wiki kwa ajili yake. Nimewahi kung'atwa na mbwa kumi na wanne. Hakuna aliyeniuma kama pole zile.

Tukafika. Nguzo ilikuwepo, imenyooka kabisa. Imesimama juu ya ardhi kavu iliyopasuka kama kisigino. Mbuzi alikuwa anajikuna ubavu kwenye alama ya hamsini. Maji yenyewe yalikuwa kule, mbali, ukanda mwembamba unaong'aa.

"Jumanne yalikuwepo," nikasema.

Mpwa wangu alimfukuza mbuzi. Akaizunguka nguzo, akaipapasa rangi yake, akainua uso juu.

"Mjomba. Alama ya mwisho kule juu imeandikwa ngapi?"

Sikuwahi kuitazama ya mwisho. Ya nini? Pale ofisini kwao hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona nguzo hii. Ilisimikwa na watu waliokwisha kustaafu kabla yangu. Nikakunja jicho. "Mia mbili na hamsini."

"Na Jumanne ulisoma ngapi?"

Mbuzi alinitazama kana kwamba naye anangoja jibu.

"Mara ya mwisho ulikuja hapa lini?"

"Unamaanisha kuja kwa mwili, au..."

"Kwa miguu, mjomba."

"Wiki ya tatu."

Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Alikaa chini, pale pale kwenye udongo mkavu, akayashika mabuti yake. "Nimeiandika upya mara tatu," akasema. "Nilidhani nimekuwa mjinga. Nilikuwa naogopa kuifungua kompyuta asubuhi."

"Kazini tulikuwa tunafanya hivyo, mwanangu. Tuliita kusoma kwa mbali."

"Wa kusoma kwa mbali ni mimi! Wewe ulikuwa wa karibu. Ulikuwa na kazi hiyo moja tu." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Kwa nini hukuniambia goti linakuuma? Ningemtafuta mtu mwingine. Nisingekuwazia vibaya."

Nikauchukua mfuko, na kurudi nikaubeba mwenyewe.

Jumatatu nilivaa koti na kwenda kwenye kikao. Chumba kina meza ndefu, viti vinavyolia, feni inayozunguka bila upepo. Nikasema yote mbele ya watu sita. Bwana Nukta aliifungua orodha ya tarakimu zangu akaanza kufuta mistari, mmoja mmoja, kwa kalamu nyekundu na rula. Ilimchukua muda. Mwisho ikabaki mistari sita.

"Huenda picha zinasema kweli," akamwambia mpwa wangu. "Lakini sasa hazina shahidi. Nakupa siku thelathini. Mtu apime kila siku, saa ile ile ya picha, kutoka nguzoni hadi ukingo wa maji. Unaye mtu?"

Mtoto aliitazama feni. Hakunitazama.

"Mimi," nikasema.

"Wewe?" Bwana Nukta akasema.

"Goti langu lina deni."

Hivyo ndivyo nilivyogeuka mtumwa wa setilaiti. Kila asubuhi nilifunga safari, nikafika kabla ya saa nne na nusu, nikahesabu hatua hadi majini. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Arobaini na nne. Karibu na maji kuna tope linalomeza mguu hadi muundi na kukurudishia bila kiatu. Jozi mbili limekula. Mpwa wangu alipokea tarakimu zangu kwa neno moja tu, "Sawa," na nyumbani alinipitishia sahani bila kusema.

Siku ya kumi na tisa nilikuwa nimefika nguzoni, natweta, simu ikalia.

"Mjomba, picha ya jana imefika. Wewe umeandika hatua hamsini na mbili."

"Ndiyo. Barabara kabisa."

"Picha inasema hamsini na nane."

"Labda ilitikisika. Unajua ile kasi yao..."

"Mjomba."

Nikatazama tope. Tope likanitazama. "Jana lilikuwa bovu sana," nikasema. "Nilisimama pembeni, zile za mwisho nikazikadiria. Hatua chache tu."

Nikajua sasa nimemmaliza mtoto wa dada yangu kabisa. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia miezi mitatu: anacheka. Anacheka hadi anakohoa.

"Imekushika," akasema. "Hatua sita, kutoka angani, nayo imekushika! Ngoja."

Akaiacha simu wazi. Nikasikia viti, milango, sauti ya Bwana Nukta inauliza mara mbili, "Sita? Una hakika ni sita?" Halafu akarudi.

"Amesema picha inayoweza kumkamata mjomba wangu anaitaka kwa mabwawa yote. Anaandika barua sasa hivi."

"Alhamdulillahi! Basi mimi nirudi nyumbani."

"Wapi? Siku thelathini ni thelathini. Na ya jana nimeifuta, kwa hiyo utaongeza moja mwishoni." Akapumua. "Saa nne na ishirini na tano sasa, mjomba. Setilaiti inakuja. Vua viatu, uingie hadi majini, safari hii ukanyage kweli."

Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaanza kuhesabu.