Mkebe wa Kakao

Wanaonijua hapa Kimbo husema, Mulei akikwambia mvua inanyesha, toka nje kwanza uguse. Ni kweli. Nimewahi kuwaapia watu kwamba kiboko wa Mto Chania alinisalimia kwa Kikamba. Lakini hii ya Erastus sijaitia chumvi hata kidogo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Nilikuwa nikifanya kazi stoo ya shule moja huko Thika, na mwalimu mmoja mzungu alipomaliza mkataba aliniachia sanduku la mchezo: kete za nyuso ishirini, na kitabu kinene cha mashujaa, majoka na wachawi. Nilikisoma na kamusi miezi minne. Basi kila Jumapili baada ya chakula, wapangaji wanne wa ploti moja tulikaa uani. Mimi nilisimulia na kuamua, wenzangu kila mtu na shujaa wake. Gathoni, fundi wa nguo, alikuwa mpiga upinde. Waleed muuza mitumba alikuwa mwizi, "lakini mwizi wa halali, mzee." Erastus, aliyefanya kazi kiwanda cha pamba, alikuwa askari asiyesema ametoka wapi.

Yeye mwenyewe pia hakusema. Gathoni akiita "Erastus!" haitiki mpaka mara ya tatu. Tulijua kitambulisho alichobeba hakikuwa chake. Miaka ile wengi walikuja kutoka magharibi baada ya nyumba zao kuchomwa, na hatukuulizana.

Sasa, katika hadithi yangu kulikuwa na mchawi wa mfalme mwenye beseni la maji. Akiinama juu yake anamwona yeyote anayemtafuta.

"Hilo beseni litamwona mtu wangu?" Erastus aliuliza.

"Linaona kila mtu."

"Hata akibadilisha sura?"

"Sura si kitu. Linasoma jina."

"Na kama jina hanalo? Ameliacha mahali?"

Nilipekua kurasa. Kitabu hakikuwa na jibu, nikatunga langu. Jina liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha, liwekwe ndani ya mkebe wangu wa kakao. Hapo beseni litaonyesha maji matupu. "Lakini ujue," nikamwambia, "uchawi usiokuona hauwezi pia kukutibu. Ukijeruhiwa, mganga hatakupata."

"Sawa. Nikifa, fungueni."

Aliandika akiwa ametugeuzia mgongo, akalamba bahasha, akanipa. Gathoni aliangua kicheko. "Wewe! Unampa Mulei siri? Afadhali ungeipeleka redioni."

Nilivumilia siku moja. Jumanne niliishika bahasha juu ya mvuke wa birika. Ndani ameandika: *Mzee, nilijua utafungua. Siku utakayoniambia kwa mdomo wako kwamba umefungua, nami nitakuambia jina langu.*

Nikairudisha, nikaibandika kwa uji. Nilikusudia kumwambia Jumapili. Jumapili nikawaona wenzangu wamekaa pale, nikaona aibu. Iliyofuata nikaona kumbe ni utamu, hebu tuone nani atachoka kwanza. Miezi tisa ikaisha hivyo.

Kisha akaanza kukohoa. Agosti ya mwaka uliofuata tukampeleka hospitali. Nilimkuta kitandani, mabega yamechongoka kama shati lililotundikwa. Aliniangalia sana.

"Mzee, huna kitu cha kuniambia?"

Nilikuwa nacho. Badala yake nikampa ile ya kiboko. Alicheka mpaka nesi akaja kuniondoa.

"Basi kesho," akasema.

Kesho yake alikufa kabla ya saa za kuwaona wagonjwa.

Tulipeleka ujumbe kwa chifu wa mahali palipoandikwa kwenye kitambulisho. Jibu likarudi: Erastus yuko hai, analima, kitambulisho kilimpotea kwenye basi, na huyo marehemu wenu hajawahi kumwona.

"Si kuna mkebe!" Waleed akaruka. "Si alisema akifa tufungue? Mamake atampata mtoto wake, wallahi!"

Wakanifuata chumbani. Gathoni aliitoa bahasha, akapitisha kidole pale kwenye uji uliokauka, mara moja, mara mbili. Akafungua. Akasoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Ulifungua lini?"

"Wiki ile ile."

"Ngai! Miezi tisa umekaa naye hapo uani?"

"Ndiyo."

"Na hukusema."

Waleed aliketi sakafuni, mkebe mtupu mapajani.

Tulimzika Thika, kwenye makaburi ya mji, watu saba. Fundi wa mbao aliuliza aandike nini msalabani. Gathoni akamwambia aandike tarehe tu. Walipotangulia getini niliinama pale kwenye udongo mbichi, nikasema, "Nilifungua. Jumanne, kwa mvuke wa birika."

Nikangoja.

Waleed alirudi akanishika mkono. "Twende, mzee. Wanafunga geti."