Miadi ya Fundi Mokhtar

Fundi bomba Mokhtar alifika dirishani saa tatu asubuhi, baada ya kusimama saa mbili nzima kando ya ukuta wa ofisi ya viza mjini Oran. Miadi hiyo aliisubiri tangu Ramadhani. Dada yake Kheira, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa amelazwa Marseille, na madaktari walishaacha kuzungumzia kupona.

Karani alifunua faili: barua ya hospitali, hati ya mwaliko, bima ya safari. Kwenye karatasi ya nafasi ya ndege akasita.

"Nafasi hii ilifutika jana."

"Watu wa ndege wanakushikia nafasi siku mbili tu, binti yangu. Au ninunue tiketi kabla sijapata viza?"

"Hatukwambii ununue. Tunataka nafasi iliyo hai. Una mpaka saa tano."

Wakala wa safari alikuwa mtaa wa pili. Wahiba, msichana wa pale, aligongagonga kompyuta huku akisonya.

"Ami Mokhtar, ya tarehe tano imejaa. Ipo ya tarehe tatu."

"Nipe hata ya leo."

Mashine ya kuchapa ikakwama na karatasi mdomoni. Wakaichokonoa mpaka ikaitema. Saa tano kasorobo Mokhtar alikuwa tena dirishani, shati limemganda mgongoni.

Karani aliweka karatasi mbili sambamba. "Bima inaanza tarehe tano, wewe unaondoka tarehe tatu. Ukivunjika mguu katika siku hizo mbili?"

"Nitachechemea."

Watu nyuma yake wakacheka. Karani alimrudishia faili. "Bima mpya, miadi mpya."

Kwenye simu aliona miadi ya karibu zaidi: baada ya miezi miwili na nusu. Alikuwa bado ameikodolea macho, amekaa kwenye ukingo wa barabara, ilipoita. Ni Nawel, binti wa Kheira.

"Mjomba, umekaa?"

"Nimekaa."

"Mama ametutoka. Saa nne na kitu hivi." Nawel alivuta kamasi. "Alikuwa akiuliza umefika wapi. Nikamwambia uko njiani."

Saa nne na kitu Mokhtar alikuwa akiichokonoa ile mashine.

"Tunamleta nyumbani Alhamisi," Nawel akasema. "Karatasi zake wanatupa kesho."

Mokhtar aliinuka, akavuka barabara, akasimama katikati ya mlango wa ofisi.

"Una miadi, ami?" mlinzi akamuuliza.

"Sina. Dada yangu anakuja Alhamisi kwa ndege. Yeye karatasi zake zinatoka kwa siku moja tu. Hakuulizwa bima, hakuulizwa atarudi lini."

Mlinzi alielewa. Akavua kofia. "Mungu amrehemu." Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini sogea, ami. Umeziba mlango."

Watu wenye miadi ya mchana walikwisha kujipanga nyuma yake. Mokhtar hakusogea.